Mgonjwa Asiye na Msemaji

Nilipopangiwa kazi kwenye uwanda wa Makonde nililia, na sioni haya kulisema. Mimi ni mtu wa Njombe, wa ukungu na viazi, na waliojifanya wanakujua kusini waliniambia kwamba huko kuna joto na hakuna maji. Kuhusu joto walikosea, maana asubuhi za Newala zina kibaridi cha kumtafutisha mtu sweta. Kuhusu maji hawakukosea hata kidogo. Nilijifunza kuoga kwa kopo, kufulia maji niliyosuuzia vyombo, na kumwagia mchicha yale niliyofulia.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ndogo, yenye bati la kutu na veranda ndefu, na mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa mapokezi. Chumba cha dharura hakikuwepo. Dharura ilikuwa ni mimi, kitanda kimoja nyuma ya pazia, na daktari akipatikana. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa barabarani na malori yao, na kule Masasi kila ukishuka unakuta duka jipya la mitumba au la dawa. Kwetu hospitalini ruksa ilikuja kwa sura ya dirisha la malipo, lililotobolewa ukutani pembeni ya mlango, na watu wakajifunza kupanga foleni mbili badala ya moja.

Kwenye ile veranda palikuwa na benchi la saruji. Mtu akifika anasalimia wote waliotangulia, anakaa mwisho, anasubiri. Anayeumwa jino anakaa, na anayekata roho naye anakaa. Nilishuhudia mama aliyekuwa akitokwa damu ya uzazi akisogea kidogo kidogo kwenye lile benchi pamoja na wenye chawa na wenye vipele, ametulia, shuka limemlowa, hasemi neno. Nilipomkuta nilifoka hadi daktari akatoka kuangalia kuna nini. Yule mama alipona, lakini mimi hasira haikunitoka. Nilitaka jambo moja tu hapo hospitalini: mahututi asikae kwenye foleni. Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Nilikuwa bado na hasira hizo nilipoitwa Masasi kwenye semina ya kupanga miradi ya uboreshaji wa huduma. Waliotufundisha walitoka Dar es Salaam na karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi. Tulikaa ukumbini chini ya ile milima ya mawe, tunakunywa soda, tunaambiwa tuchague tatizo moja ambalo tunaweza kulitatua bila kuomba chochote kwa mtu yeyote. Badilisheni kitu kimoja, walisema, mtazame kimetokea nini, mbadilishe tena. Wenzangu wengi walikuwa wanasubiri posho, na siwalaumu. Mimi nililipenda jambo lile. Mtu wa hasira hufurahi akipewa kazi ya mikono.

Nikarudi Newala kwa lori, juu ya mizigo ya watu, na karatasi zangu zimekunjwa chini ya kwapa. Karani wa mapokezi aliniona naziteremsha. Alikuwa mzee wa hapo hapo uwandani, mrefu, mtani sana, na tangu siku ya kwanza alikuwa akiniuliza kama viazi vimeiva.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Sista. Sasa hizo karatasi ni za kupakia viazi?"

Nilianza kwa kibao. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mgonjwa mahututi apite mbele, nikakipigilia juu ya benchi. Watu walikisoma, wasiojua kusoma wakasomewa, wakaitikia kwamba ni vizuri, wakaendelea kukaa kama walivyofika. Nikaona basi, niulize mwenyewe. Kila asubuhi nikawa napita mbele ya benchi.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, nesi."

"Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Hajambo. Ni mwili tu kidogo."

Na huo mwili uko kwenye machela, macho yamegeuka. Siku moja nilimwinamia mama mmoja nikamwambia mbele ya wote, mama, mtoto huyu amezidiwa, mbona husemi? Yule mama alinitazama kama mtu niliyemtemea mate mwanawe. Akamgeuza mtoto upande wa pili, akamziba masikio kwa khanga. Baadaye karani alinieleza, bila utani safari hiyo, kwamba nimemtamkia mtoto uchuro. Huwezi kusema ubaya wa mgonjwa na mgonjwa anasikia. Nilijua uchuro ni nini, hata kwetu upo, ila kwetu mtu akizidiwa ndugu huja wanalia kuanzia njia panda, na nesi hana haja ya kuuliza. Hapa walikuja kimya. Ukimya wao niliuona ni uzembe, na kwa muda mrefu niliwachukia kwa hilo.

Jibu lilikuja nikiwa nafanya kazi nyingine kabisa. Nyuma ya hospitali palikuwa na tangi la maji la zege, kubwa, halijaona maji tangu sijafika. Kivuli chake ndipo tulipokuwa tunaanika glovu, maana miaka hiyo glovu zilifuliwa, zikakaushwa, zikapakwa poda, zikavaliwa tena. Nimesimama na beseni langu, nikamwona mzee mmoja ananifuata taratibu, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza habari za kazi, habari za kwetu, kama huko mvua imenyesha. Nikajibu yote, huku najiuliza huyu naye anataka nini. Kisha akageuka kuhakikisha hakuna anayetusikia.

"Yule ntoto wa dada yangu," akasema, "yule kwenye machela ya mwisho. Yule hafiki jioni, nesi."

Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Akanieleza mtoto alianza lini kupumua vibaya, lini aliacha kunyonya, lini alibadilika rangi, kila kitu ambacho nilikuwa nakitafuta kwa kibao na kwa kufoka. Halafu akarudi verandani, nikamsikia akimwambia dada yake kwamba nesi amesema ni jambo dogo. Nilimchukua yule mtoto pale pale. Alipata damu, alipata sindano, na wiki ile ile alirudi kwao mgongoni mwa mama yake.

Huo ndio ukawa mradi wangu. Huku mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, awe mtoto mchanga au mtu mwenye wajukuu. Kila mgonjwa alikuja na mjomba, au na mtu aliyesimama badala ya mjomba. Sisi tukamwita msemaji. Badala ya kumuuliza mgonjwa, karani alipita akiwasalimia watu, akitafuta msemaji wa kila machela na kila mkeka, akiwaomba wamfuate mmoja mmoja nyuma ya tangi. Mimi nipo pale na beseni langu. Habari za nyumbani kwanza, habari za shamba, korosho zimetoa maua au hazijatoa, kisha ukweli. Wazee wale walijua nani anakufa na nani anaumwa tu, na wakishaulizwa mahali pa heshima walisema. Mahututi wakawa wanaingia ndani kabla ya wanaoumwa jino, na benchi halikunung'unika, maana hakuna aliyesikia kwa nini fulani kapita.

"Sista umefungua ofisi nyuma ya tangi," karani akasema. "Bado dirisha la malipo tu."

Mganga mkuu wa hospitali alifurahi. Alikuwa mgeni kama mimi, mtu wa kaskazini, ila yeye alikuja na mke na watoto. Akasema tutaupeleka mradi Masasi ukaonwe na wengine, akanipa mkono. Nilitoka kazini jua bado liko juu, nimejaa furaha, natembea haraka kama mtu anayesubiriwa. Nikafungua mlango. Ndoo iko palepale, kiti kiko palepale. Furaha yangu ilikuwa haina wa kupewa. Niliinjika maharage nikaisimulia sufuria, mwanzo hadi mwisho, hata kumwigiza mganga mkuu nilimwigiza, kisha nikanyamaza kwa sababu nilijisikia vibaya.

Nisiwasingizie watu, hakuna aliyenitenga. Walinipa muhogo, walinipa mabibo ya mikorosho yao, walinipa pole nilipoumwa. Lakini mazungumzo yao yakikolea yalikuwa ya Chimakonde, na mimi nikisogea waliyageuza kuwa Kiswahili kwa adabu, na yakigeuzwa yalipungua ladha, watu wakaanza kukumbuka kazi zao. Basi nikaacha kusogea. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa nyuma. Siku nyingine nilitembea hadi ukingo wa uwanda, kule ambako ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini na nchi ya watu wengine ng'ambo yake, nikasimama kidogo, nikarudi kupika. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa nafanya kazi sana ili nisiwe na nafasi ya kulifikiria hilo.

Msimu wa korosho ulipofika, malori yakazidi, na ajali zikazidi. Asubuhi moja lori lililojaza magunia na watu juu ya magunia liliangukia kwenye makorongo. Sote tuliingia ndani, mimi nashona, daktari anafunga mifupa. Karani alibaki verandani na wasaidizi, akafanya kila kitu kama tulivyopanga, akawaita wasemaji nyuma ya tangi mmoja mmoja, akatuletea ndani waliotakiwa kuletwa. Siku ile mradi ulifanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Mchana mama mmoja aliyekaa kwenye benchi alimwomba kijana wa pembeni yake asogee. Kijana hakusogea. Alikuwa amefariki.

Alikuwa mpima mizani wa wanunuzi wa korosho, mtu wa Kanda ya Ziwa, aliyeachwa na wenzake kijiji cha mbali alinde magunia. Tumbo lilikuwa likimuuma kwa siku kadhaa. Dereva wa lori jingine alimpa lifti, akamshusha getini, akaenda zake kuwahi mizani ya Masasi. Waliokaa naye walinieleza yote, kwa kuwa niliwauliza mmoja mmoja. Alifika kwa miguu yake. Aliamkia wazee wote. Karani alipopita na kuuliza hali, alijibu nzuri. Kila alipokuja mzee au mama mwenye mtoto, yeye alisimama akampisha, akarudi kukaa nyuma zaidi, kwa adabu za mtu aliye ugenini. Mkono mmoja aliubana tumboni muda wote. Wakadhani ndivyo anavyokaa.

Hakuna aliyeitwa nyuma ya tangi kwa ajili yake, kwa sababu hakuwa na mtu.

Daktari alisema huenda utumbo ulikuwa umetoboka tangu jana yake, na pengine hata angepita wa kwanza tusingemwokoa. Huenda. Tulipeleka tangazo redioni, tukasubiri. Wenye kampuni walimtuma mtu kutoka Masasi, akaja na sanda, lakini hata yeye hakujua kwao hasa ni wapi, alijua tu ni huko ziwani. Tulimzika hapo kwetu. Wauguzi tulikwenda, na wazee wachache wa mtaani ambao huenda kila msiba, na mchimba kaburi. Hakukuwa na wa kulia. Mimi nililia, na watu wakanishangaa, maana nilikuwa simjui. Mama mmoja akanipa pole kama ndugu wa marehemu, na mimi nikaipokea.

Baada ya hapo mganga mkuu aliita kikao cha mradi. Tulikaa verandani alasiri, wagonjwa wamekwisha, kwa kuwa ofisini palikuwa na joto. Walikuwepo yeye, karani, matroni na wauguzi wawili. Mganga mkuu alisema lililotokea linasikitisha, lakini tusiuharibu mradi kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba Masasi wanatusubiri. Nikasema hapana. Nikasema sisi tumewatengenezea njia wenye watu, na asiye na watu tumemwacha pabaya kuliko tulivyomkuta, maana zamani angalau wote walikaa sawa. Nilisema kwa sauti ya juu, kama kawaida yangu. Kila anayeingia getini, nikasema, kabla ya kuulizwa hali aulizwe swali moja tu, umekuja na nani. Akisema nimekuja peke yangu, aingie ndani moja kwa moja, hata kama anaumwa jino.

Karani alitikisa kichwa.

"Sista, swali hilo halifai," akasema. "Huku ukimuuliza ntu mzima kaja na nani, ni kumwambia hana watu. Ni tusi. Na atakudanganya. Atakwambia wanangu wako nyuma wanakuja."

"Mgonjwa hawezi kudanganya juu ya jambo dogo hivyo."

"Atadanganya."

Tukabishana. Matroni akaunga mkono upande wangu, kisha wa karani. Mwisho mganga mkuu akasema, nadhani kwa kutuchoka, kwamba basi tujaribu hapo hapo. Karani awe karani, mimi niwe mgonjwa wa kutoka mbali. Wauguzi wakacheka kidogo. Nikatoka hadi getini, nikageuka, nikaja, nikamwamkia matroni, nikaenda kukaa mwisho wa benchi. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Nilikusudia kusema ambavyo yule kijana angesema, kwamba nimekuja peke yangu, lori limenishusha hapo nje, ili wote wasikie jinsi lilivyo jibu rahisi.

Karani akaja. Aliigiza kikamilifu, hata alipangusa mikono kwanza.

"Karibu, dada. Habari za huko utokako?"

"Nzuri."

"Pole na safari."

"Nimekwishapoa."

"Umekuja na nani?"

"Ndugu zangu wako nyuma," nikasema. "Wanakuja."

Sijui lilitoka wapi. Nilijisikia nikilisema, kwa sauti nzuri ya kawaida, hata shingo niligeuza kidogo kuelekea getini. Wauguzi waliacha kucheka. Nilitegemea karani atawageukia wenzake aseme mnaona, maana alikuwa ameshinda, na kwa mtu mtani kama yeye ile ilikuwa nafasi ya mwaka mzima. Badala yake alikunja magoti yake marefu, akakaa kwenye benchi pembeni yangu, sote tukiwa tumetazama mbele kama wagonjwa wawili.

"Wanatokea wapi?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Njombe."

"Mbali."

"Mbali."

"Wakati tunawangoja," akasema, "hapa karibu tumwite nani aje akae na wewe?"

Nikafikiri. Ilikuwa bado ni maigizo, ningeweza kutaja mtu yeyote. Nikafikiri kwa kweli, nyumba hadi nyumba, na muda ukapita, na hakuna aliyeniharakisha. Mwisho nikamkumbuka mwanamke aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila asubuhi tulisalimiana juu ya ua. Mara nyingi alinitolea maji kabla sijaomba.

"Jirani yangu," nikasema.

"Vizuri. Anaitwa mama nani?"

Huku mwanamke anaitwa kwa jina la mwanawe, na mtoto yule nilimwona kila siku akicheza mchangani, niliwahi hata kumpima homa. Mwaka mzima nilikuwa nimemwita mama yake Mama, basi.

"Sijui," nikasema.

Karani hakushangaa, au hakuonyesha. Alisimama, akanishika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri, akawaambia wale waliokaa, "Huyu apite kwanza." Akaniongoza kando ya benchi lote tupu hadi mlango wa daktari, taratibu, na mimi nikatembea taratibu kama yeye, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuwa naona vizuri ninapokanyaga.